Wasimamizi watatu, utafiti mmoja: jibu kwa mwanafunzi wa taa za sola

"Shikamoo Daktari. Nasoma shahada ya uzamili, mwaka wa pili, katika chuo kimoja hapa Tanzania. Mada yangu ni taa za sola zinazouzwa kwa malipo ya kidogo kidogo na ufaulu wa wanafunzi wa darasa la tano katika wilaya moja mkoani Dodoma. Kwa kuwa mada inagusa fani tatu, nimepewa wasimamizi watatu: wa elimu, wa uhandisi wa umeme na wa fedha. Wa elimu anataka nipime alama za mtihani. Mhandisi anasema nisipozipima taa zenyewe kazi yangu ni porojo. Wa fedha anataka uchambuzi wa riba na marejesho. Andiko langu limerudishwa mara tatu. Nikimridhisha mmoja, mwingine ananuna. Wilaya ina wanafunzi kama 10,000 wa darasa hilo, nimetumia fomula ya Yamane nikapata sampuli ya 385, na napanga kuwatoa katika shule nne. Kampuni inayouza taa imeniahidi taa 100 za bure pamoja na usafiri, ila inataka ipitishe ripoti kabla haijatoka. Nimebakiwa na miezi minane. Nibadili mada, nimwondoe msimamizi mmoja, au nifanye yote matatu? Na kampuni hiyo niikubalie?"

Marahaba. Pole kwa kurudishiwa andiko mara tatu, ingawa kwa mada ya aina hii ningeshangaa kama lingepita mara ya kwanza. Ninavyokuelewa, una hofu mbili na zimechanganyika. Ya kwanza ni kwamba wasimamizi wako wanakuvuta pande tatu na utaishia kuandika tasnifu tatu nyembamba ndani ya jalada moja. Ya pili hukuitaja, lakini naiona katika namba zako: unahisi hata ukiruhusiwa kwenda uwandani, data utakayorudi nayo huenda isijibu swali lako. Hofu hii ya pili ndiyo nzito. Tukiitatua, ile ya kwanza itapungua yenyewe.

Mada usibadili. Msimamizi usimwondoe yeyote. Lakini "yote matatu" kwa jinsi ulivyoyapanga sasa hayafanyiki kwa miezi minane, na hayafanyiki hata kwa miaka miwili.

Fikiri hivi. Mama analipa shilingi zake kwa simu. Malipo yakipokelewa, taa inafunguka, yasipopokelewa, inajifunga. Taa iliyofunguka inawaka kwa saa kadhaa, kutegemea betri ilivyochajiwa mchana na nani mwingine kaitumia. Katika saa hizo mtoto anaweza kusoma, au asisome. Akisoma, huenda akaelewa zaidi, na baada ya miezi mingi huenda mtihani ukaonyesha. Huo ni mnyororo mmoja. Msimamizi wa fedha ameshika pete ya kwanza, mhandisi ya pili, wa elimu ya mwisho, na kila mmoja yuko sahihi anaposema pete yake isirukwe. Kosa la andiko lako ni kuziandika kama malengo mahususi matatu yaliyosimama kila moja peke yake, kila moja na dodoso lake, kila moja na sura yake. Mtu akisoma haoni kwa nini riba inakaa jirani na alama za hisabati.

Wako waliowahi kuiruka pete ya kati, na matokeo yao yanafundisha. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa Chishio Furukawa uliofanyika Uganda, ambapo taa za sola ziligawiwa kwa wanafunzi kwa bahati nasibu. Muda wa kusoma uliongezeka, lakini alama hazikupanda, zilielekea kushuka. Miongoni mwa maelezo yaliyotolewa ni kwamba taa hazikuwa zikichajiwa vya kutosha, hivyo mwanga wake ulipepesa. Tazama hapo: swali lilikuwa la elimu, jibu huenda liko kwenye betri. Kenya, utafiti wa Fadi Hassan na Paolo Lucchino ulikuta alama za hisabati zimepanda, tena faida ikawafikia hata wanafunzi wenzao ambao hawakupewa taa. Bangladesh, Kudo, Shonchoy na Takahashi walikuta muda wa kusoma umeongezeka mwanzoni lakini ufaulu haukubadilika. Nchi tatu, majibu matatu. Kwa hiyo ukija na tasnifu inayosema tu "taa zinaongeza ufaulu" au "haziongezi", utakuwa umeongeza sauti moja kwenye kelele. Ukituonyesha ni pete ipi hukatika, na hukatika lini, hapo utakuwa umetuambia kitu.

Sasa sampuli yako, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kosa hili nalikuta karibu kila msimu wa utetezi wa tasnifu. Fomula ya Yamane, kama ilivyo jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, inajibu swali moja dogo: niwahoji watu wangapi, waliochaguliwa mmoja mmoja kwa bahati nasibu kutoka orodha nzima, ili nikadirie asilimia fulani bila kukosea zaidi ya pointi tano kwenda juu au chini? Basi. Kwa watu 10,000 fomula ya Yamane inakupa 385. Haijui kwamba wewe unataka kulinganisha makundi mawili. Haijui kwamba watoto wako wamekaa ndani ya shule. Yamane wa watu amebebeshwa mizigo ambayo fomula yake haikuumbiwa.

Tuanze na kulinganisha. Ukitaka kugundua tofauti ya alama inayolingana na moja ya tano ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani), tofauti ambayo kwa afua za elimu si tofauti ya kudharauliwa, na ukitaka uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona kama kweli ipo, unahitaji watoto wapatao 392 kila upande. Hao ni 784, kabla hatujagusa suala la shule. Tofauti ikiwa kubwa, nusu ya mkengeuko sanifu, wanatosha kama 63 kila upande. Maana yake ukubwa wa sampuli unatokana na ukubwa wa tofauti unayoitafuta. Idadi ya wanafunzi wa wilaya haina usemi mkubwa hapo.

Kisha shule. Watoto wa shule moja wana mwalimu mmoja, uhaba mmoja wa vitabu, mvua moja iliyowazuia kuja. Wanafanana. Kuwapima 96 kutoka shule moja ni kama kuonja vijiko 96 vya mchuzi kutoka sufuria ileile: baada ya vijiko vichache umeshajua chumvi ya sufuria hiyo, na bado hujui ya jirani. Wanatakwimu wana kipimo cha kufanana huko kinachoanzia 0 hadi 1. Tuseme kwako ni 0.2, namba isiyo ya ajabu kwa alama za shule za msingi. Hesabu yake ni hii: chukua idadi ya watoto kwa kila shule, toa moja, zidisha kwa 0.2, ongeza moja. Kwa watoto 96 inakuja 20. Gawanya 385 kwa 20, unapata 19. Umewatahini watoto 385, lakini habari uliyo nayo kuhusu wilaya ni sawa na ya watoto 19 waliochaguliwa mmoja mmoja. Ukienda shule 40 na kuchukua watoto 10 kila shule, hesabu inakuja 2.8, na watoto wako 400 wanakuwa na uzito wa 143. Karatasi za mtihani ni karibu zilezile, habari ni mara saba. Linaloongezeka ni nauli.

Niseme ukweli wote: adhabu hii inakuangukia kwa uzito wake wote unapokadiria wastani wa wilaya, au unapolinganisha shule zenye taa na zisizo nazo. Ukilinganisha watoto ndani ya shule ileile, inapungua sana. Ila hapo unakutana na jambo lile la Kenya. Taa ya nyumba moja husomewa na watoto wa jirani, na mwenye taa humfundisha mwenzake kesho yake, kwa hiyo kundi lako la "wasio na taa" nalo limeonja mwanga.

Kuna tatizo jingine ambalo sampuli kubwa hailitibu hata kidogo. Nani hununua taa kwa mkopo? Ni mzazi mwenye kipato chenye mtiririko fulani, mwenye simu na laini iliyosajiliwa, na mara nyingi anayejali watoto wasome. Mtoto wake angefanya vizuri hata kwa kibatari. Ukilinganisha wenye taa na wasio nazo, utapata tofauti nzuri ya kupendeza na itakuwa ni tofauti ya wazazi. Wanafunzi wengi huniambia, "nitadhibiti kipato kwenye regresheni," yaani hesabu ya kutenganisha athari ya jambo moja na ya mengine. Dhibiti, sawa, lakini utadhibiti ulichokipima tu. Kiu ya mzazi kuona mtoto wake anavuka darasa la saba hujaipima.

Twende kwa mhandisi wako, ambaye nadhani unamwona mkorofi kuliko anavyostahili. Chukua taa yenye paneli ya wati 3. Kwa jua la Dodoma, tuhesabu saa tano za jua kamili kwa siku: wati-saa 15. Theluthi moja inapotea kwenye betri, nyaya na joto, zinabaki kama 10. Taa ya wati moja na nusu itawaka zaidi ya saa sita. Nzuri sana, kwenye karatasi. Sasa taa nyingi za aina hii zina tundu la kuchajia simu. Betri ya simu janja ya miliampia-saa 4,000 kwa volti 3.7 inahitaji karibu wati-saa 15 kujaa. Baba akiichaji simu yake hiyo, taa ya mtoto imeisha kabla giza halijaingia. Ikiwa ni simu ndogo ya kitochi yenye betri ya 1,000, inakula kama wati-saa 4, na mtoto anabaki na saa nne za mwanga. Kwa hiyo aina ya simu iliyomo nyumbani inaweza kueleza muda wa kusoma kuliko dodoso lako lote la "mtazamo kuhusu nishati jadidifu".

Mengine ya kihandisi ni madogo lakini yapime. Paneli inawekwa juu ya paa au inaanikwa uani na kurudishwa ndani mapema kwa kuogopa wezi? Ina vumbi? Taa inaning'inizwa katikati ya nyumba iwafae wote, au inawekwa mezani? Ukiongeza umbali kutoka kwenye taa mara mbili, mwanga unaofika kwenye daftari unashuka hadi robo. Azima kipima mwanga maabara, usitegemee programu ya simu, kwa sababu vihisi vya simu vinatofautiana mno. Na usifungue betri za lithiamu nyumbani kwako ili upime uwezo wake. Chukua taa zipatazo 20 zilizokwisha kutumika, zipeleke maabara ya idara ya umeme, fundi sanifu akusaidie kuzichaji na kuzimaliza mara kadhaa. Hiyo ni kazi ya wiki mbili, na itampa mhandisi kila anachokihitaji.

Upande wa fedha kuna kosa moja ambalo msimamizi wako atalikamata mara moja, heri nilikamate mimi kwanza. Nitatumia bei za mfano. Taa inauzwa taslimu shilingi 180,000. Kwa mkopo, kianzio ni 30,000, kisha 600 kila siku kwa siku 365. Mteja amekopeshwa 150,000 na atarudisha 219,000. Wengi huandika: nyongeza ni 69,000, gawanya kwa 150,000, riba ni asilimia 46. Si kweli. Mteja hakukaa na deni la 150,000 mwaka mzima; kila siku alikuwa analipunguza. Ukitafuta kiwango kinachofanya malipo yote ya kila siku yalingane na 150,000 ya leo, utapata karibu asilimia 0.22 kwa siku, yaani kama asilimia 81 kwa mwaka bila hata kulimbikiza. Fungua jedwali la hesabu kwenye kompyuta, tumia kazi ya kiwango cha mapato ya ndani (IRR), utaiona.

Lakini usikimbilie kuandika neno "unyonyaji". Ndani ya hiyo 81 mna gharama ya wakala anayezunguka vijijini, ya taa zinazoharibika na kurudishwa, na ya wateja wasiomaliza deni. Na familia yenyewe haipigi hesabu ya mwaka. Inalinganisha 600 ya leo na mafuta ya taa ya leo pamoja na ada ya kuchajisha simu kule dukani. Biashara hii ilikua kwa sababu hiyo hasa: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka uliofuata, na malipo madogo ya kila siku yakawezekana bila mtu wa kukusanya. M-KOPA, kampuni ya taa za sola za mkopo, walipoanza kuuza kibiashara Kenya mwaka 2012, dhamana ya mkopo ilikuwa ndani ya kifaa chenyewe, kwa sababu kinaweza kufungwa kwa mbali.

Na kufungwa huko ndiko kunakounganisha tasnifu yako. Kampuni ina kumbukumbu ya kila taa: siku gani ililipiwa, siku gani ilijifunga. Dodoma, miezi ya Januari hadi Machi, kabla mavuno hayajatoka, pesa ni ngumu. Natarajia siku za kufungwa zirundikane hapo, lakini hilo data yako ndiyo itakayosema.

Basi uchague njia ipi? Ya kwanza ni kugawa taa 100 kwa bahati nasibu na kupima alama. Ni safi kimantiki, ila taa 50 au 100 hazitoshi kuona tofauti ndogo, miezi minane haitoshi alama kusogea, na juu ya hayo taa ya bure haina mkopo, kwa hiyo pete ya fedha imekufa. Ya pili ni kulinganisha wenye taa na wasio nazo. Rahisi, na nimeshakueleza itakupa nini. Ya tatu ndiyo nzuri kuliko zote: kampuni itoe vocha za punguzo la kianzio kwa familia zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, kisha ufuatilie waliopata na waliokosa. Hapo unaepuka lile tatizo la wazazi, na mkopo unabaki kuwa mkopo. Lakini inataka familia mamia kadhaa, mwaka na nusu na bajeti. Itunze kwa ajili ya shahada ya uzamivu.

Ya nne ndiyo ninayokushauri. Chukua familia ambazo tayari ni wateja, zenye mtoto wa darasa la tano. Kwa wiki nane au kumi, kwa ridhaa yao, unganisha vitu vitatu: kumbukumbu za malipo kutoka kampuni, makadirio ya saa za mwanga kutoka vipimo vyako vya maabara na vya nyumbani, na shajara fupi ya jioni anayoijaza mtoto kwa msaada wa mzazi: ulisoma, ulisomea mwanga gani, nani alichaji simu. Kipimo chako kikuu kiwe dakika za kusoma kwenye mwanga unaofaa. Alama za mtihani ziwe kipimo cha pembeni, na useme wazi tangu mwanzo kwamba hutegemei zisogee.

Uzuri wa njia hii ni kwamba unamlinganisha mtoto na nafsi yake. Mzazi ni yuleyule, shule ni ileile. Kinachobadilika ni leo taa imefunguka, jana ilikuwa imefungwa. Udhaifu wake ni kwamba siku taa imefungwa ni siku ambayo pesa haipo, na pengine siku hiyo pia mtoto alitumwa kutafuta kuni au amelala na njaa. Utapunguza udhaifu huo kwa kuuliza sababu ya kila kufungwa, na kwa kulinganisha pia siku ambazo taa ilikuwa wazi ila chaji imeliwa na simu. Zikionyesha picha moja, umepata nguvu. Zisipoonyesha, liandike hivyohivyo.

Msimamizi wa elimu huenda akasema dakika za kusoma si kujifunza. Ana haki. Mtulize kwa jaribio moja fupi la kusoma na hesabu, lilelile kwa shule zote, mwanzoni na mwishoni. Usitumie alama za mitihani ya muhula ya shule: kila shule inaweza kutunga na kusahihisha kivyake, na 60 ya huku si 60 ya kule. Jaribio lako hilo lifanyie majaribio kwanza kwenye shule isiyo katika sampuli, uhakikishe halimpi kila mtoto sifuri wala kila mtoto mia.

Kuhusu kampuni. Kuiona ripoti kabla haijatoka si dhambi. Kuipitisha ni jambo jingine kabisa. Makubaliano yafanywe kati ya chuo na kampuni, yasiwe kati yako na meneja masoko, na yaandikwe kwamba wana siku kadhaa, 30 zinatosha, za kutoa maoni juu ya makosa ya ukweli na siri za biashara, bila haki ya kuzuia. Usafiri wao ningeukataa. Ukishuka kwenye gari lenye nembo ya kampuni, kijiji kizima kitajua umekuja kudai madeni, na majibu yote utakayopewa yatakuwa ya mtu anayekwepa mdai. Nenda na mwenyekiti wa kitongoji, kwa bodaboda ikibidi. Taa 100 zinaweza kupokewa na chuo na kutolewa kwa shule mwishoni, baada ya data kukusanywa, na hilo litajwe kwenye tasnifu. Wakikataa masharti haya, unachokihitaji kwao ni kumbukumbu za malipo tu, na hata hizo mteja anaweza kukuonyesha kwenye ujumbe wa simu yake mwenyewe. Kazi itakuwa nzito zaidi, lakini itafanyika.

Kumbukumbu hizo ni taarifa binafsi za watu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu. Pata ridhaa ya maandishi ya mteja, ondoa majina na namba za simu kabla ya uchambuzi, na mahali pake weka namba za utambulisho unazozijua wewe tu. Kwa watoto unahitaji ridhaa ya mzazi na pia kukubali kwa mtoto mwenyewe. Mambo ya deni usimuulize baba mbele ya wanawe. Na wewe au msaidizi wako msiingie nyumba za watu usiku kupima mwanga. Pimeni jioni mapema chumba kikiwa kimefunikwa, au mwachie mzazi kirekodi kidogo cha mwanga. Kazi ya wasaidizi wa utafiti uikague mara kwa mara pia. Madodoso yanayojazwa yote kwa mwandiko mmoja, kwa kalamu moja, ndani ya nyumba ya wageni si hadithi ya kubuni.

Wasimamizi sasa. Acha kuwazungukia mmoja mmoja na andiko la kurasa 40. Hivyo unawafanya washindane kupitia kwako. Andika ukurasa mmoja: mnyororo umechorwa, kila pete ina kipimo kimoja, kila kipimo kina jina la msimamizi anayekihakiki. Omba kikao cha pamoja cha saa moja kupitia msimamizi mkuu. Kama hajateuliwa msimamizi mkuu, hiyo ndiyo sababu nusu ya mateso yako. Mwombe mkuu wa idara amteue kwa barua. Baada ya kikao waandikie wote watatu barua pepe moja ya yaliyokubaliwa, usiku uleule. Mmoja akirudi baadaye na jambo jipya, utamjibu kwa heshima ukiwaweka wote kwenye nakala. Ikishindikana, mratibu wa masomo ya uzamili wa idara yupo, na juu yake kurugenzi ya masomo ya uzamili. Kwenda huko si kushtaki.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliyawezi. Kaa ana kwa ana na mtakwimu kabla ya kukusanya data, ukiwa na ukurasa wako ule mmoja. Ukimfuata baadaye na faili la SPSS, ile programu ya takwimu, likiwa limeshajaa, atakachoweza kukupa ni pole. Kirekodi cha mwanga kikisoma tofauti na kipima mwanga, usikisie, kirudishe maabara. Na ukiwa vijijini, shajara ya mtoto au maneno yake yakikuonyesha anapigwa au anadhalilishwa, utafiti unasimama hapohapo: mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au piga 116, namba ya simu kwa mtoto. Utaratibu huo uwemo kwenye ombi lako la kibali cha maadili, na msaidizi wako aujue kwa moyo.

La haraka kuliko yote ni barua. Barua ya chuo inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha ofisi ya elimu, ndipo mwalimu mkuu akupokee. Na COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, ina taratibu zake za vibali, kwa hiyo ulizia ofisi ya utafiti ya chuo ni kipi chuo kinakitoa chenyewe na kipi utakiomba huko. Kila meza ina likizo yake na safari zake za kikazi. Shule hufunga Juni na Desemba, na wiki zako kumi za shajara zinapaswa kuingia ndani ya muhula mmoja bila kukatwa. Hesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya kufunga shule, na barua ya kwanza iombe wiki hii, hata kabla ya kikao.